Rufiji haihitaji mfereji wa Nijmegen

Kila masika Mto Rufiji unapovuka kingo zake, ndugu na jamaa walioko Ikwiriri na Utete huniletea swali lilelile kwa maneno tofauti: ninyi mnaoishi Uholanzi, nchi ambayo robo yake iko chini ya usawa wa bahari, mnawezaje kulala usingizi, na kwa nini sisi tusichimbe mfereji mmoja mkubwa utakaoyapeleka maji ya mafuriko baharini na kupitisha vyombo vya mizigo wakati wa kiangazi? Wengine huambatanisha picha za mfereji uliochimbwa hapa Nijmegen, mji ninaoishi, kana kwamba picha yenyewe ni hoja iliyokwisha. Swali ni la haki na anayeuliza amefiwa na shamba, hivyo hastahili kujibiwa kwa mkato. Jibu langu hata hivyo ni hapana, na nitaeleza kwa nini kwa kuanza na huo mfereji wenyewe.

Mto Rhine ukishaingia Uholanzi kutoka Ujerumani hugawanyika karibu na Pannerden, na sehemu kubwa ya maji yake, yapata theluthi mbili, hufuata mkondo unaoitwa Waal. Nijmegen iko kwenye mkondo huo. Ukisimama gatini siku ya kawaida huwezi kunywa kikombe cha chai bila chombo kupita: matishari ya makaa na mchanga, meli za makontena, na zile tagi kubwa zinazosukuma matishari sita yaliyofungwa pamoja, zaidi ya tani 15,000 za madini ya chuma kwa safari moja, kutoka Rotterdam kwenda viwanda vya Ujerumani. Tangu Mkataba wa Mannheim wa mwaka 1868, vyombo vya Rhine havitozwi ushuru wa kupita. Mto ni barabara kuu, na serikali huutunza kama barabara kuu.

Mto huohuo ndio uliowatisha watu mwaka 1995, pale maji yalipopanda hata wakazi wapatao 250,000 wa mabonde ya mito wakahamishwa pamoja na mifugo yao. Matuta yalishika na watu wakarudi makwao, lakini walirudi na fikra mpya. Kwa karne nyingi Waholanzi walikuwa wameinua matuta kila mafuriko yalipokuja, na kila tuta lilipoinuliwa mto ulizidi kubanwa, hivyo maji ya safari iliyofuata yalipanda juu zaidi. Mpango uliotokana na hofu hiyo, uliotekelezwa katika sehemu zaidi ya 30 kwa gharama ya yapata euro bilioni 2.3, ulikuwa na lengo la kuurudishia mto nafasi uliyonyang'anywa.

Nijmegen ilikuwa mahali pagumu kuliko pote, kwa sababu hapo Waal hujikunja na kubanwa kati ya mji wa zamani upande mmoja na kijiji cha Lent upande wa pili. Tuta la upande wa Lent lilirudishwa nyuma mita 350, na katika nafasi iliyopatikana ukachimbwa mkondo wa pembeni wenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu, kazi iliyoanza mwaka 2013. Kati ya mto na mkondo huo kikabaki kisiwa. Mafanikio yake hupimwa kwa sentimita: mafuriko makubwa yakija, maji mbele ya mji husimama chini kwa yapata sentimita 35 kuliko ambavyo yangesimama. Nimewahi kumweleza mjomba wangu takwimu hiyo kwa simu, akacheka, akauliza kama ndiyo fedha yote hiyo kwa kimo cha goti. Ndiyo, kwa sababu kimo hicho cha goti ndicho kinachoamua kama maji yatapita juu ya tuta au yatabaki chini ya kimo chake.

Sasa kuna jambo ambalo picha hazionyeshi. Mahali mkondo wa pembeni unapoanzia kuna kizingiti, yaani ukingo uliojengwa kwa kimo maalumu. Maji ya Waal yakiwa ya kawaida hayawezi kukivuka, isipokuwa yale machache yanayoruhusiwa kupita ili mkondo usioze. Maji ya mto yanapopanda ndipo hukivuka na kuufanya mkondo uwe mto wa pili. Kizingiti hicho kiliwekwa kwa ajili ya meli: kama mkondo ungekuwa wazi mwaka mzima ungeunyang'anya mto mkuu maji, mwendo ungepungua, mchanga ungetua, na njia ya meli ingejaa. Hata bila mkondo huo kuchukua maji, mwaka 2018 na tena mwaka 2022 kiangazi kilikuwa kikali kiasi kwamba Rhine ilishuka hadi viwango vya chini mno, na meli zikalazimika kubeba sehemu tu ya shehena yake ili zisikwame.

Kwa hiyo mfereji wa mafuriko wa Nijmegen si mfereji wa meli. Watu huogelea humo kiangazi, na vijana wa shule hushindana makasia, lakini tishari halipiti. Mfereji wa meli upo, ila ni mwingine kabisa: ule unaounganisha mto Maas na Waal, uliofunguliwa mwaka 1927, wenye urefu wa yapata kilomita 13, na wenye milango ya kuinulia na kushushia vyombo kwa kuwa mito hiyo miwili haina usawa mmoja. Nchi yenye uzoefu wa mamia ya miaka, fedha na wahandisi wa kila aina, imeona heri iwe na mifereji miwili kwa kazi mbili. Anayetuahidi Rufiji mfereji mmoja utakaofanya zote mbili atuambie kwanza kizingiti chake kitakuwa wapi.

Tukija nyumbani, tofauti ya kwanza ni kwamba mto wetu haujanyang'anywa nafasi. Mtu aliyekulia Rufiji hahitaji kuambiwa kwamba mafuriko si adui mtupu. Maji yakija kwa kiasi na kwa wakati hulisha mpunga, na yakiondoka huacha tope jipya ambamo hupandwa mlau: mahindi, kunde na mboga zinazokua kwa unyevu uliobaki ardhini bila tone la mvua. Wazee wetu walilinda mashamba hayo kutoka kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ambavyo maji yakiingia shambani hupita chini yake na familia ikabaki juu na chakula chake. Serikali ilipowahamisha watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko, wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, kwa sababu nyumba ilihama lakini rutuba haikuhama. Mfereji ulionyooka unaoharakisha maji kwenda baharini utayapitisha maji hayo, na tope lake, mbele ya shamba la mlau bila kusimama. Waholanzi wametumia mabilioni ili mto upate kutanuka pembeni. Sisi tunao mto unaotanuka wenyewe, na tunaomba mkopo wa kuubana.

Tofauti ya pili ni tabia ya mto wenyewe. Waal umefungwa kwa matuta na mawe kiasi kwamba hauwezi kuhama kitanda. Rufiji huhama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake iliacha matawi ya kusini ya delta ikafuata yale ya kaskazini, na vijiji vilivyokuwa na maji ya chumvi vikajikuta na maji matamu ya kulimia mpunga, huku vingine vikipoteza. Mfereji uliochimbwa leo katika udongo wa namna hiyo unaweza kukutwa kesho ukiwa kando ya mto, umejaa mchanga. Tena ule mchanga na tope vikipelekwa mkupuo mmoja hadi mlangoni, vitawakuta wavuvi wa kamba na msitu wa mikoko ambao ni mkubwa kuliko wote katika pwani ya Afrika Mashariki. Hao nao ni watu wa mto.

Kuhusu usafiri wa majini, nasema kwa upendo kwamba tunaanza na chombo kabla ya shehena. Matishari ya Waal yanapita kwa sababu Rotterdam iko mwisho mmoja na viwanda vya chuma viko mwisho wa pili. Kwetu boriti za mikoko zilipakiwa majahazini delta zikafika Zanzibar na hata Uarabuni, na mitumbwi imebeba watu na mpunga tangu enzi na enzi, lakini tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 mzigo mkubwa wa wilaya hupita kwa lori. Wanaohitaji maji kama njia ni wale wa delta, ambao mgonjwa wao huondoka kwa kuvizia kupwa na kujaa. Hao hawaombi mfereji. Wanaomba gati lisilomlazimu mama mjamzito kuteremkia topeni, boya za kuonyesha mkondo wenye kina, na boti yenye ratiba na makoti ya kuokolea. Fedha ya kilomita moja ya mfereji ingetosha mengi ya hayo.

Msimbazi wa Dar es Salaam ni habari nyingine, na huko nakubali kazi ifanyike. Bonde la Jangwani limejengwa na kubanwa hata kituo cha mabasi ya mwendokasi kikageuka bwawa kila mvua ilipozidi, na mradi ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 wa Benki ya Dunia mwaka 2022 unalenga jambo lilelile la Nijmegen, kuutanulia mto njia. Ila hapa Lent, ambako nyumba zipatazo 50 zilibomolewa, zaidi ya miaka kumi ilipita kati ya wazo na mtambo wa kwanza kuchimba. Wakazi walipinga, wakaleta michoro yao mbadala, wakasikilizwa na kukataliwa, kisha wakalipwa kabla ya kuondoka. Walioishi Jangwani na Kigogo wanakumbuka zaidi alama ya X nyekundu ukutani.

Kama kuna kitu cha kuiga kutoka hapa, ni kile kisichopigwa picha. Kila mwaka napokea hati ya kodi ya bodi ya maji ya eneo langu, kodi inayotumika kwa matuta, pampu na mifereji, mbali na kodi ya serikali kuu. Nami kama mkazi, ingawa si raia na siwezi kuchagua bunge la nchi hii, niliruhusiwa mwezi Machi mwaka 2023 kupiga kura ya kuchagua wajumbe wa bodi hiyo. Mtu aliyekuja na hati ya kusafiria ya Tanzania ana kauli juu ya tuta la Waal. Mjomba wangu wa Muhoro, aliyezaliwa na kuzeekea kando ya Rufiji, hana kauli ya namna hiyo juu ya mto wake. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo, makao yake yako Iringa, mwendo wa mamia ya kilomita kutoka mashamba ya mlau, na wajumbe wake huteuliwa. Sheria ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, lakini jumuiya haina uzito kama haikai meza moja na wenye funguo.

Nasema funguo kwa makusudi, kwa sababu tangu Bwawa la Julius Nyerere lijazwe, Rufiji imekuwa mto wenye mlango. Mwezi Aprili mwaka 2024, mvua kubwa zilipokutana na maji yaliyoachiwa bwawani, Rufiji na Kibiti zilizama, na mabishano kama bwawa lilipunguza mafuriko au liliyazidisha hayajaisha vijiweni. Mimi naona yangeweza kuisha. Kina cha maji bwawani na kiasi kinachoachiwa vitangazwe kila siku katika redio za eneo na kwa ujumbe wa simu, kama ambavyo hapa navisoma vipimo vya Waal kabla sijafungua kinywa. Kabla ya masika bwawa na wakulima wakubaliane ni maji kiasi gani yataachiwa makusudi ili mlau upate tope lake, na lini. Na katika bodi ya Iringa viwekwe viti viwili au vitatu vya watu wa bonde la chini, waliochaguliwa na wenzao, mmojawapo awe mwanamke anayelima mlau mwenyewe. Hayo yakishafanyika kwa misimu mitatu minne, mwenye mchoro wa mfereji aulete, tuujadili tukiwa na takwimu mkononi.