Utando wa Polima na Kikopo cha Chuma: Nani Abaki Ndani ya Simu?

Ukiifungua simu ya kisasa utakuta baadhi ya chipu zimefunikwa kwa vikopo vyembamba vya chuma, na karibu yake pana karatasi nyeusi ya grafiti. Vikopo huzuia mawimbi ya sumakuumeme yasivuruge sehemu za jirani, nayo karatasi hutawanya joto. Watafiti wa tando za polima, yaani kitu cha jamii ya plastiki, iliyochanganywa na chembe zinazopitisha umeme wanataka kazi zote mbili zifanywe na utando mmoja.

Hoja yao ina uzito. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina takribani gramu 9, ilhali ya plastiki nyingi ni gramu 1 hivi, na plastiki hukunjika. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, na wenzao wa Korea Kusini walitangaza utando wa maksini, yaani kabidi ya titani yenye tabaka nyembamba mno, ambao kwa unene wa maikromita 45 ulifikia kinga ya desibeli 92. Desibeli 20 tu huzuia asilimia 99 ya nguvu ya wimbi. Ila utando huo, jambo ambalo washabiki husahau kulitaja, haukuwa na polima ndani yake; na kila polima inapoongezwa ili usivunjike, kinga hupungua.

Kwenye joto ndiko mambo yanakokuwa magumu zaidi. Polima ya kawaida hupitisha wati 0.2 hadi 0.5 kwa mita kwa kelvini (kipimo cha wepesi wa kupitisha joto), shaba 400 hivi, kwa hiyo chembe lazima ziwe nyingi hadi zigusane. Tena vibamba vya grafini (tabaka nyembamba mno la kaboni) au maksini hulala kama mikeka, joto likakimbia kwa upande na kupenya kwa shida katika unene, nako ndiko linakotakiwa kupita likitoka kwenye chipu kwenda kwenye ganda. Tarakimu inayotangazwa kwa kawaida ni ile ya upande. Chembe za aina nyingine, za nitridi ya boroni, hupitisha joto bila kupitisha umeme, hivyo hazileti shoti, lakini kwa sababu hiyohiyo hazikingi mawimbi.

Kwa maoni yangu, vifaa vinavyokunjika vitauhitaji utando huu, kwa kuwa kikopo hakikunjiki. Kwingineko sioni sababu ya kukiondoa kikopo cha bei nafuu kabla hatujaonyeshwa vipimo vya kupenya unene, vilivyochukuliwa baada ya utando kukunjwa mara nyingi na kukaa kwenye unyevu, ambao huigeuza maksini polepole kuwa oksidi ya titani.