Duka la Kakuma linaendeshwa na mgao

Agosti 2025, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilianza kuwapanga wakimbizi wa Kakuma na Kalobeyei, huko Turkana, Kenya, katika makundi manne ya mgao wa chakula. La kwanza ni la wale hohehahe. La nne halipati kitu. Limehesabiwa kuwa linajiweza. Kufikia hapo watu walikuwa wameshaandamana kupinga kupunguziwa mgao.

WFP wana hoja, tena nzito. Marekani, mfadhili wao mkubwa kuliko wote, ilikuwa imefunga mkono, na kufikia Juni mgao ulishuka hadi asilimia 28 ya kinachotakiwa. Kipimo ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo zinabaki chini ya 600. Chungu kikiwa hakitoshi, kumpakulia mama mwenye mtoto aliyedhoofika sawasawa na kijana mwenye bodaboda ni usawa wa kwenye karatasi tu. Siwezi kulipinga hilo.

Ninachokipinga ni jinsi ya kumjua anayejiweza.

Mwaka 2015 sehemu ya msaada ilianza kupitia simu, kwa mpango ulioitwa Bamba Chakula. Pesa iliingia kwenye laini, nawe ulinunua kwa wenye maduka walioidhinishwa. Wachumi waliusifu, na walikuwa na haki: kabla ya hapo watu waliuza nafaka ya mgao kwa bei ya kutupa ili wapate mboga. Soko likachangamka. Lakini ingia duka lolote katikati ya mwezi uone linavyokwenda. Mteja anachukua unga na mafuta, hatoi kitu; jina lake linaandikwa kwenye daftari. Pengine laini yenyewe anaiacha hapo kama rehani mpaka pesa iingie.

Mwenye duka huyo akihojiwa ataonekana ana biashara, na kundi la nne linamwita. Wateja wake nao wamepunguziwa, kwa hiyo lile daftari limejaa madeni yasiyolipika. Kumbe alionekana anajiweza kwa sababu jirani zake walikuwa wakipata mgao.

Wapo wanaosema, na hasa wenyeji, kwamba wakimbizi wamezoea kulishwa ilhali Waturkana waliachwa na ukame wa misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia mwishoni mwa 2020. Uchungu wao ni wa kweli. Ila mama wa Kiturkana anayebeba mzigo wa kuni hadi kambini hulipwa mara nyingi kwa unga huohuo wa mgao. Ukikatwa, anarudi na kuni zake.

Tena, aambiwaye ajitegemee aruhusiwe basi kutoka. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua haki ya kufanya kazi, lakini kwenda kutafuta kibarua Eldoret au Nairobi bado kunadai kibali, na kibali chenyewe si cha kuokota.

Makundi yabaki, mimi sina neno. Lakini kabla ya kumweka mfanyabiashara katika la nne, WFP waondoe kwanza mauzo yanayotokana na mgao, ndipo waangalie kilichosalia. Hesabu hiyo haihitaji dodoso jipya: miamala ya Bamba Chakula ilikuwa ikipita kwenye simu kuanzia 2015, na kila duka lililoidhinishwa lina rekodi yake.