Shokapu ndefu, bampa pana na kona za Nyanda za Juu Kusini

Katika vijiwe vya bodaboda vya Mbeya na Iringa kuna ubishi wa siku nyingi kuhusu pikipiki zilizoinuliwa nyuma kwa shokapu ndefu au vipande vya chuma vya kuchomelea, kisha zikafungwa bampa pana mbele (vyuma vya kukinga injini na miguu) na tairi nene nyuma. Wanaozitetea husema kwamba zinalala vizuri kwenye kona na kustahimili mzigo, ilhali wanaozipinga husema kwamba ndizo zinazomwaga watu katika mteremko wa Kitonga na katika kona za kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Kila upande una ukweli wake, ila mara nyingi wabishani hawazungumzii pikipiki ya aina moja: mmoja anamfikiria dereva mwenye abiria na gunia, mwingine anamfikiria yule anayerudi nyumbani bila abiria wala mzigo.

Kinachoamua pikipiki ilale kiasi gani ni mwendo na ukali wa kona. Kwenye kona yenye nusukipenyo cha mita 30, mwendo wa kilomita 40 kwa saa hudai mlalo wa takriban nyuzi 23 kutoka wima, na mwendo wa kilomita 50 hudai nyuzi 33. Kilomita 10 tu zimeongeza nyuzi 10, kwa sababu athari ya mwendo katika kona hukua kwa mraba wake. Uzito wa abiria karibu haubadilishi hesabu hiyo. Unachopunguza ni nafasi iliyobaki kati ya chuma na lami.

Hapo ndipo hoja ya shokapu ndefu inapopata nguvu. Mikungu ya ndizi kutoka Rungwe au gunia la viazi kutoka Isyonje hukandamiza sehemu ya nyuma hadi gurudumu la mbele linakuwa jepesi, shokapu za mbele zinalala zaidi kuelekea nyuma, na pikipiki inapenda kutanua kona badala ya kuifuata. Wakati huohuo vikanyagio na stendi husogea karibu na ardhi. Shokapu ndefu na ngumu zaidi huirudisha pikipiki katika mkao aliokusudia mtengenezaji. Kwa mtu anayebeba mzigo kila siku, nakubaliana na mafundi, wala sioni sababu ya kuwakemea kana kwamba wanafanya hivyo kwa ajili ya sifa.

Tatizo huanza mzigo unaposhushwa. Kwenye pikipiki yenye mita 1.3 kati ya ekseli mbili, kuinua nyuma kwa sentimita 5 huzifanya shokapu za mbele zikaribie wima kwa zaidi ya nyuzi 2. Usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inaingia kona haraka, jambo linalompendeza kijana katika barabara nzuri ya tambarare. Lakini wepesi huo unatokana na kupungua kwa ule umbali, pale chini, kati ya mahali mstari wa mhimili wa usukani, ukinyooshwa, unapogota ardhi na mahali tairi la mbele linapokanyaga, na umbali huo ndio unaolirudisha gurudumu katika mstari linapoyumbishwa. Dereva akishuka Kitonga huku amefinya breki ya mbele, pua inazama, umbali unazidi kupungua, na mabonde yaliyochimbwa na malori kwenye lami yanatosha kutikisa usukani. Nyuma nako shokapu ngumu isiyo na uzito juu yake hurukaruka badala ya kukanyaga.

Anayeinua pikipiki ili tu ilale zaidi anasahau pia hali ya hewa yetu. Ikiwa lami iliyolowa inashika kwa nguvu isiyozidi nusu ya uzito wa chombo, kikomo cha mlalo ni takriban nyuzi 27, na hapo tairi litateleza kabla chuma chochote hakijagusa. Kwenye ukungu na mvua za Tukuyu, nafasi ya ziada aliyoilipia haitumiki.

Tairi nene halistahili ubishi mrefu. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia tairi la 2.75 mbele na 3.00 nyuma, kwenye magurudumu ya inchi 17. Tairi pana zaidi huidai pikipiki ilale zaidi kidogo katika mwendo uleule, kwa sababu sehemu inayokanyaga husogea upande wa ndani wa kona. Kwa vipimo hivi tofauti haifiki hata nyuzi 1. Baya zaidi ni tairi pana kubanwa kwenye rimu nyembamba likapoteza umbo lake, au tairi lolote lililokwisha kashata (meno ya kukanyagia) katikati likawa bapa, ambalo pikipiki ikilala hubadilika ghafla kwenye ukingo.

Bampa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko vyote, ingawa wanaolitetea wana hoja: pikipiki ikianguka kwenye tope, goti na injini husalimika. Lakini chukua bampa linalotokeza sentimita 40 kutoka katikati, likiwa sentimita 35 juu ya ardhi: litagusa lami kwenye mlalo wa nyuzi 41 hivi. Lipanue hadi sentimita 50, upakie mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, mpaka lishuke sentimita 5, nalo litagusa kwenye nyuzi 31, yaani kabla ya kufikia nyuzi 33 zinazodaiwa na ile kona kwa kilomita 50 kwa saa. Kikanyagio cha dereva, kikiwa cha kukunjika, hukunjika kikigusa, na mkwaruzo wake ni onyo. Bampa halikunjiki, hugeuka mhimili, likaondoa uzito kwenye matairi.

Kwa hiyo kabla ya kumlipa fundi, mwenye pikipiki amketishe abiria, afunge na mzigo wa kawaida, kisha wasaidizi wailaze taratibu kila upande waone kinachotangulia kugusa. Kikitangulia kikanyagio, bampa libaki. Likitangulia bampa, likatwe.