Mwanafizikia Mwandishi wa Programu: Mwanasayansi au Fundi wa Wengine?

Ndani ya LHC, mashine ya kugonganisha protoni pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Hakuna ghala la data linaloweza kuyapokea yote. Vigunduzi vya ATLAS na CMS huchuja kwanza kwa vifaa vya kielektroniki hadi yabaki matukio kama 100,000 kwa sekunde, kisha programu za kompyuta huchuja tena hadi yabaki elfu chache. Kinachotupwa hapo hakirudi. Kabla mtafiti hajaona grafu yake ya kwanza, aliyeandika programu ya kuchuja keshaamua kipi kitaonekana na kipi hakitaonekana kamwe.

Mtu huyo tumwite nani? Wapo wanaosema ameiacha fizikia akawa fundi wa kuwatengenezea wenzake zana. Wapo wanaosema programu ndiyo darubini ya siku hizi, na anayeijua ndani nje ndiye mwanafizikia hasa. Pande zote mbili zina hoja nzito.

Tuanze na wanaotaka kazi hii waachiwe wahandisi wa programu. Wanafizikia wengi hujifundisha wenyewe kuandika msimbo, na inaonekana. Utakuta faili moja ya mistari 3,000, vigeu vinaitwa x, xx na x2, njia ya faili imeandikwa moja kwa moja hivyo programu inakubali kwenye kompyuta ya mwenyewe tu, na jaribio la kuhakiki hakuna hata moja. Mwenyewe akimaliza uzamivu anaondoka, na anayerithi anaogopa kugusa mstari wowote. Madhara yake yako kwenye kumbukumbu. Mwaka 2006 maabara moja ya Marekani inayochunguza maumbo ya protini ilitangaza kuondoa makala zake, jumla 5, tatu zikiwa zimetoka kwenye jarida la Science. Programu ya kujitengenezea ilikuwa imebadilishana safu mbili za data, na umbo zima likatoka limegeuzwa, la kulia likawa la kushoto. Fizikia yao haikuwa na kasoro. Kosa lilikuwa la aina ambayo jaribio dogo, lenye jibu linalojulikana mapema, lingelinasa.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inaishia pale ambapo kosa halina sura ya kosa. Chukua ROOT, programu ya uchambuzi iliyoanzishwa na René Brun na Fons Rademakers katikati ya miaka ya 1990, ambayo mpaka leo ndiyo chombo cha kila siku cha fizikia ya chembe. Ina histogramu, yaani grafu ya visanduku vya kuhesabia, ya aina ya TH1F, inayotunza hesabu ya kila kisanduku kwa nambari ya desimali ya biti 32. Nambari ya namna hiyo ikifika 16,777,216, yaani 2 kuzidishwa yenyewe mara 24, ukiongeza 1 jibu ni lilelile 16,777,216. Kisanduku kinaacha kuhesabu. Programu haisimami, onyo halitoki, na grafu inatoka nzuri ikiwa na kilele kilichokatwa bapa. Mhandisi anajua fika ukomo wa biti 32, lakini akiiona grafu hiyo hana sababu ya kushtuka. Mwanafizikia anashtuka, kwa sababu anajua kilele hicho kilipaswa kuchongoka. Dawa yake ni kutumia TH1D, ya biti 64. Kumbukumbu inayotumika ni mara mbili, na tatizo linakwisha.

Mfano wa pili ndio unaoumiza zaidi, maana unapendeza macho. Unatuma kazi 1,000 za uigaji kwenye kompyuta nyingi, kila moja izalishe matukio 10,000, ukasahau kubadilisha mbegu ya nambari nasibu, yaani namba ya kuanzia inayoamua mfuatano wote utakaotoka. Kila kazi inarudi na matukio yaleyale. Unadhani una milioni 10, kumbe una 10,000 yaliyonakiliwa. Kosa la kitakwimu linashuka kwa kipeuo cha pili cha 1,000, yaani mara 32 hivi, na kipimo chako kinaonekana sahihi kuliko cha yeyote aliyekutangulia. Nani atalalamikia jibu zuri? Hapa, hata hivyo, mhandisi naye ana la kufundisha: hatua moja ya kulinganisha faili za matokeo zenyewe kwa zenyewe, inayojiendesha kila usiku, ingekamata nakala hizo kabla mtu hajachora chochote.

Vizio ni hadithi hiyohiyo. Katika Geant4, programu ya kuiga jinsi chembe zinavyopita ndani ya mata, urefu wa kawaida ni milimita na nishati ni MeV. Andika 10 bila kuzidisha kwa kizio, na ukuta wako wa madini ya risasi wa sentimita 10 umekuwa wa sentimita 1. Mionzi inapenya, na programu imetii ulichoandika.

Kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua upande mmoja kuhusu nani aandike. Ninachotetea ni kwamba anayeandika abaki karibu na kipimo. Ipo njia rahisi ya kuujua ukaribu huo: je, anaweza kufanya jaribio la data bandia mwenyewe? Unazalisha majaribio bandia 1,000 kwa thamani unayoijua, unayapitisha yote kwenye programu yako, na kwa kila moja unachukua tofauti kati ya jibu na thamani halisi, ukaigawanya kwa kosa ambalo programu imeripoti. Mgawanyo wa namba hizo uwe na wastani wa 0 na upana wa 1. Wastani ukihama, programu inaegemea upande mmoja. Upana ukiwa 1.3, makosa unayoyaripoti ni madogo kuliko yalivyo, na ugunduzi wako wa sigma 5 (sigma ni kipimo cha uhakika wa kitakwimu) ni kama sigma 3.8. Anayejua kufanya hivi na kueleza kwa nini upana umetoka 1.3 ni mwanafizikia, hata kama barua yake ya ajira inasema mtaalamu wa kompyuta.

Kwenye cheo na mshahara mizani inalalia upande mwingine, na hapa wanaoonya kwamba kazi hii humgharimu mwanafizikia wana haki. Vyuo vikuu vingi, vya kwetu vikiwemo, hupandisha watu kwa kuhesabu makala, na programu inayotumiwa na maelfu haihesabiki hivyo. Mwaka 2015 ATLAS na CMS walitoa makala moja ya pamoja kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154: kurasa 33, ambazo 24 ni za majina na taasisi. Katika orodha hiyo aliyekesha miezi 8 akirekebisha programu hatofautiki na aliyesoma rasimu mara moja. Uingereza wamejaribu kutibu hilo. Jina la kazi, mhandisi wa programu za utafiti, lilizaliwa huko mwaka 2012, na chama chao rasmi kikaundwa 2019. Zenodo, ghala lililofunguliwa na CERN mwaka 2013, huipa programu namba ya kudumu ili inukuliwe kama makala. Ni nafuu, lakini kamati ya ajira isiyojua namba hiyo ni ya nini haitaihesabu.

Kwa mwanafunzi wa Dodoma au Kigali mizani ina kitu kingine tena, kwani mashine ya kuharakisha protoni hatajengewa karibuni. Data, hata hivyo, ipo wazi: CERN ilifungua tovuti yake ya data huria mwaka 2014, na faili ya wimbi la mvutano lililonaswa na LIGO, vigunduzi vya mawimbi hayo vilivyoko Marekani, tarehe 14 Septemba 2015, sekunde 32 kwa sampuli 4,096 kila sekunde, ni kama megabaiti moja tu. Bando dogo kabisa linatosha. Kwake yeye kuandika programu ndiyo njia ya kuingia maabara, na kumwambia asubiri fizikia halisi ni kumwambia akae nje.

Akipata nafasi, aulize mambo matatu kabla ya kusaini: asilimia ngapi ya muda wake ni ya uchambuzi wake mwenyewe, iandikwe, programu ikinukuliwa jina litakalotajwa ni la nani, na mkataba ukiisha baada ya miaka 2 au 3, nani atalipwa kuitunza. Swali la tatu ndilo ambalo wengi hujibiwa kwa tabasamu.