Nani mrithi wa Kanali Taylor: mwenye kuta au mwenye jina?

Ukifuata barabara inayopita kando ya kijito cha Glenns Creek, huko Millville katika jimbo la Kentucky, Marekani, unakutana na ngome ya mawe yenye minara. Ni kiwanda cha wiski. Kanali Edmund Haynes Taylor Mdogo alikijenga mwaka 1887, na ngome aliitaka makusudi: alitaka wateja wapande treni, waje wajionee wenyewe bourbon yake, yaani wiski ya mahindi, ya Old Taylor inavyotengenezwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1972. Kwa miaka zaidi ya 40 vichaka vikaota humo, mapaa yakaporomoka, baadhi ya majengo yakabomolewa na mabaki yake kuuzwa. Mwaka 2014 Will Arvin na Wes Murry walilinunua gofu hilo, na mwaka 2018 likapokea wageni tena.

Ila halikurudi kama Old Taylor. Jina hilo lilikuwa limeshashika njia yake: lilinunuliwa na kampuni ya National Distillers mwaka 1935, likaenda kwa Jim Beam mwaka 1987, kisha kwa Sazerac mwaka 2009. Sazerac ndio wenye kiwanda cha Buffalo Trace mjini Frankfort, na huko ndiko inakotoka bourbon ya Colonel E.H. Taylor, ambayo chupa zake zinagombaniwa hadi kuuzwa tena kwa bei za kutisha. Wale wa Millville ikabidi wajiite Castle & Key. Basi huyu ana kuta hana jina, yule ana jina hana kuta. Nani hasa amefufua kazi ya Taylor?

Wanaoitetea Frankfort wana hoja nzito, na si haki kuipuuza. Taylor aliwahi kumiliki eneo hilo hilo, enzi za kiwanda cha O.F.C., na ghala alilolijenga miaka ya 1880 bado linakomaza mapipa. Mwaka 2016, mafundi walipokuwa wakichimba ndani ya jengo kuukuu, walikuta matangi ya kuchachushia ya enzi hizo yamefukiwa chini ya sakafu. Wangeweza kuyamwagia zege, kazi ikaendelea. Badala yake walikarabati tangi moja, wakalivisha shaba, wakaanza tena kuchachushia nafaka humo. Mfanyabiashara anayetaka kuuza lebo tu hajisumbui namna hiyo.

Hata hivyo kuna jambo linalonikera. Taylor alipozidiwa na madeni, kiwanda hicho cha Frankfort kiliangukia mikononi mwa mshirika wake, George T. Stagg. Wawili hao walipoachana, kampuni ya Stagg iliendelea kuuza wiski kwa jina na sahihi ya Taylor, naye akaipeleka mahakamani. Leo sahihi hiyo iko kwenye chupa zinazotoka katika kiwanda kile kile alichokishtaki. Kisheria hakuna kosa lolote. Jina la biashara ni mali, linauzwa na kurithishwa. Lakini mtu aliyepigania jina lake kiasi kile alistahili angalau lirudi Millville.

Huko Millville kazi ilianzia kwenye maji. Kuna banda la nguzo za mawe, na chini yake kisima chenye umbo la tundu la ufunguo, ambacho ndicho kilichowapa nusu ya jina lao jipya, maana yake Ngome na Ufunguo. Maji yake yamechujwa na miamba ya chokaa: yana madini ya kalsiamu, hayana chuma cha kuharibu rangi na ladha ya wiski. Marianne Eaves, mkenekaji (mtengenezaji wa wiski) wao mkuu wa kwanza, alichagua mahindi meupe badala ya ya manjano yaliyozoeleka. Kisha wakangoja. Viwanda vingi vinavyotangaza kwamba vimefufuka hununua wiski iliyokwisha kukomaa kutoka mtambo mkubwa wa Lawrenceburg, jimbo la Indiana, na kuibandika lebo ya kale. Castle & Key waliuza pombe za jini na vodka kwanza, wakatoa Restoration Rye, wiski ya nafaka ya rai, mwaka 2020, na bourbon yao wenyewe haikufika sokoni hadi 2022.

Wapinzani watasema: hayo ni mapya, si Old Taylor. Mnyororo ulikatika mwaka 1972, na hakuna aliyebaki wa kuonja na kusema ndiyo hii. Tena sehemu kubwa ya kinachokenekwa pale ni kazi ya kukodishwa, pombe ya wateja wenye nembo zao. Yote ni kweli.

Lakini Taylor mwenyewe alituachia kipimo. Ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kupigania sheria ya shirikisho ya mwaka 1897, wakati wachuuzi walipokuwa wakiuza spiriti iliyotiwa rangi na kuiita wiski. Sheria ilidai kinywaji kiwe cha mkenekaji mmoja na msimu mmoja, kikae miaka minne katika ghala linalosimamiwa na serikali, kiwe na kilevi cha asilimia 50, na lebo iseme kilikotoka. Hakudai jina la zamani. Alidai ukweli kuhusu kilichomo. Kwa kipimo hicho Frankfort wanapita, maana chupa nyingi za Colonel E.H. Taylor zinafuata sheria hiyo hiyo. Millville nao wanapita, na juu ya hapo wameokoa mahali ambapo Taylor alijenga kwa ajili ya jina lake. Kwangu mimi, ufufuo uko Millville.

Hofu yangu ni soko. Kentucky ina mapipa zaidi ya milioni 14 yanayosubiri wanywaji, na mwishoni mwa 2025 Jim Beam walitangaza kusimamisha mtambo wao mkuu wa Clermont kwa mwaka mzima wa 2026. Mauzo yakishuka, kazi ya kukodishwa ndiyo hukatwa kwanza, na Castle & Key wanaitegemea. Jina la Taylor linaweza kuvuka mdororo likiwa limehifadhiwa kwenye faili la mwanasheria. Paa la ngome linahitaji fundi kila mwaka.