Willie Brown: spika aliyejua kuhesabu kura

Bunge la chini la jimbo la California lina viti 80, na uspika kwa kawaida hutaka kura 41. Mwaka 1980 chama cha Democratic kilikuwa na wingi, lakini kilikuwa kimepasuka kati ya wabunge wake wawili waliogombania kiti hicho, Leo McCarthy na Howard Berman. Willie Brown wa San Francisco akapenya katikati: kura 23 za chama chake na 28 za Republican. Wapinzani ndio waliomkalisha kitini, naye akakikalia hadi 1995.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Alizaliwa 1934 Mineola, Texas, enzi za ubaguzi, akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika uspika huo. Chini yake, mwaka 1986, ulipita muswada wa Maxine Waters wa kuondoa fedha za pensheni za jimbo kwenye kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, na gavana wa Republican akautia saini.

Lakini mkono uleule uligawa uenyekiti wa kamati na kuelekeza michango ya wenye maslahi kwa wagombea watiifu. Mwaka 1987 makubaliano kuhusu sheria ya fidia yaliandikwa kwenye kitambaa cha kujifutia mikono mezani, mkahawa wa Frank Fat's, Sacramento, mji mkuu wa jimbo. Mawakili, madaktari na kampuni za bima walikuwa ndani ya mpango huo. Kampuni za sigara zikapata kinga dhidi ya kesi, iliyofutwa miaka kumi baadaye.

Mwaka 1990 wananchi walipitisha kwa kura Pendekezo 140, la kuwawekea wabunge ukomo: miaka 6 bunge la chini, 8 seneti, basi. Dawa hiyo, kwa maoni yangu, ilikosea ugonjwa. Mbunge aliyeanza kuielewa bajeti alikuwa tayari anafunga virago, ilhali mpiga debe wa kampuni hana ukomo wa muhula. Mwaka 2012 ukomo ukabadilishwa kuwa miaka 12 kwa jumla, hata yote katika bunge moja.

Lisilo na utetezi ni la mwisho. Uchaguzi wa 1994 uliwapa Republican viti 41. Mmoja wao, Paul Horcher, akakihama chama na kumpigia Brown kura, ikawa 40 kwa 40. Kisha Mrepublican Richard Mountjoy, aliyekuwa amechaguliwa pia seneti, akaondolewa bunge la chini, na Brown akashinda 40 kwa 39. Juni 1995 akamwachia kiti Doris Allen, Mrepublican aliyechaguliwa kwa kura za Democratic na yake mwenyewe.

Wapiga kura wa Horcher walikuwa wameshamwondoa bungeni kwa kura Mei. Wa Allen walimwondoa Novemba. Desemba, San Francisco ikamchagua Brown kuwa meya.