Swichi ya ngazini haiaminiki

Sina ugomvi na anayebadilisha taa ya nyumbani kwake mwenyewe. Kusuka umeme wa nyumba nzima ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, hilo halina mjadala, ila kung'oa holda iliyoungua na kufunga nyingine mtu mzima anaweza. Ugomvi wangu ni na wale wanaobonyeza swichi, wakaona giza, wakapanda na bisibisi.

Kwa swichi ya kawaida huo ni uzembe. Kwa swichi ya tuwei, ile inayofungwa chini na juu ya ngazi, ni kuchezea roho. Tuwei haina upande wa kuwasha wala wa kuzima. Ina skrubu tatu: COM, L1 na L2. COM ya swichi moja inapokea laini, yaani waya unaoleta umeme, COM ya pili inapeleka umeme kwenye taa, na katikati waya mbili zinaunganisha L1 kwa L1, L2 kwa L2. Taa iwake isiwake, mojawapo ya waya hizo mbili ina volti 230. Nawe ukiwa umeshika holda, mtoto akipita chini akabonyeza, basi tena.

Kuna wabaya zaidi. Wapo mafundi wa kubana waya ambao kila swichi wanaipelekea laini na nyutro (waya wa kurudisha umeme), taa ikaning'inia kati ya COM mbili. Hapo taa inaweza kuwa imezima huku pande zote mbili za holda zina umeme! Ukikuta mfumo huo, ung'olewe wote, hata mwenye nyumba akinuna.

Rangi nazo zisikudanganye. Laini ni nyekundu kwenye nyumba za zamani, kahawia kwenye mpya. Lakini ndani ya boksi la swichi waya mweusi au wa bluu mara nyingi si nyutro, ni laini inayotoka kwenye swichi kurudi kwenye taa. Testa ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani? Hata waya usiounganishwa popote unaweza kuiwasha kwa kulala tu sambamba na wenye umeme. Ndiyo sababu hiyohiyo balbu za LED za ngazini hubaki na mwanga hafifu usiku badala ya kuzima kabisa, majirani wakaanza kusema nyumba ina mambo.

Kwa hiyo zima mein swichi, uwaambie watu wa nyumbani, na taa ya chuma usiiache bila athi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Kabla ya kulegeza skrubu, funga tepu kwenye waya wa COM. Picha ya simu peke yake haitoshi, maana kila kampuni huweka COM mahali pake; ukifuata picha ya swichi ya zamani utakosea kwenye mpya. Na ukimaliza ukaona taa inatii swichi ya chini pale tu ya juu ikiwa imelalia upande mmoja, usikimbilie Kariakoo kununua nyingine. Waya wa COM umeingia kwenye L1 au L2. Rudi kazime mein swichi, uuhamishe.